Kabula Kwenye Meli ya Nungwe

Tangu nishuke stesheni mmekuja mmoja mmoja. Nkamba alikuja kuomba moto, na kwake moshi unaonekana juu ya paa. Mama Shija alikuja kunipa pole, nilipomuuliza pole ya nini akasema ya safari tu. Nimechoka kumpa kila mtu kipande chake, kisha vipande vinakutana kisimani vinakuwa habari nyingine kabisa. Basi nimeandika yote, kwa herufi hizi kubwa nilizopata katika mafundisho ya ubatizo, na binti wa Nkamba atawasomea Jumapili tukitoka kanisani. Akikwama mahali aniulize mimi, asibuni.

Kabula ni mzima. Ziwa halikumla. Na wanaosema mjukuu wangu nimenyang'anywa wanyamaze kwanza wasikilize.

Mnajua nilivyompata. Mwanangu Masanja alipopata kazi kule Geita kwenye mgodi wa dhahabu, mkewe Milembe alibaki hapa mpaka mtoto akaacha kunyonya. Alipoacha, Milembe akamfuata mumewe na Kabula akaja kwangu, kama tunavyofanya wote: mtoto wa kwanza ni wa nyumba ya bibi. Amelala mgongoni mwangu misimu miwili ya mavuno. Mimi aliniita mayu, kama watoto wote wanavyomwita mama yao. Mama yake alimwita Milembe, hivi hivi, kama mtu wa kwenye hadithi.

Halafu Masanja akatuma maneno. Nimchukue mtoto nipande naye treni hadi Mwanza, wao watatupokea pale, tupande meli sisi sote mpaka Nungwe, gati la karibu na Geita, familia nzima, nione ziwa kabla macho hayajafa, kisha nikae kwao Geita nipumzike. Mtoto atarudi na nani, hilo hakulisema. Mimi pia sikuliuliza. Nilimfungia Kabula nguo chache tu, nikaziacha nyingine kwenye kamba ya ndani, ili nyumba ijue kwamba anarudi.

Gari la ng'ombe mpaka Shinyanga

Jilala wa Ngassa ndiye aliyetuchukua kwenye gari lake la ng'ombe, juu ya magunia ya karanga. Mnamjua Jilala, ng'ombe wake anawasemesha kuliko anavyomsemesha mkewe. Tulipofika kwenye mto, ule usio na maji, ng'ombe wa kulia, yule anayeitwa Kidashi, akalala katikati ya mchanga. Jilala akambembeleza, akamtukana ukoo, akambembeleza tena. Kabula akashuka, akachuchumaa mbele ya pua ya Kidashi akamwambia treni itatuacha. Kidashi akamtazama tu. Alipoamka aliamka kwa hiari yake, na treni ilikuwa imekwisha kutuacha.

Tukakaa stesheni kungoja nyingine. Pale kuna mzee mmoja wa Tabora, Mzee Salum, anauza chai na maandazi. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba na kuniletea chai, akamkatia Kabula andazi la moto. Kabula akaweka mikono nyuma ya mgongo. Mzee akasogeza andazi karibu. Kabula akarudi hatua moja, mate yanamjaa mdomoni, mikono nyuma.

Mzee Salum akaudhika, akaniuliza kama maandazi yake yana kinyesi. Nikamwomba radhi, nikalichukua lile andazi, nikalimega, nikaonja, nikampa mtoto kwa mkono wangu. Hapo akala.

Ninyi hamhitaji kuambiwa kwa nini. Mnakumbuka mtoto wa Nshoma, alivyokula kwa jirani mchana na jioni akawa hayupo. Tangu siku ile nilimfundisha Kabula kwamba chakula ni cha mkono wangu peke yake. Sikumpiga ili ajue. Nilimwambia kila siku mpaka likawa kama jina lake. Pale stesheni nilijivuna. Nilisema moyoni, mtoto huyu nimemlea.

Treni

Kwenye behewa la daraja la tatu tulikaa mkabala na mwanamume mmoja, Mnyamwezi, jina lake Mihayo. Alikuwa amevaa koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Wazungu kule Bama, anakwenda kutafuta kazi ya mgodi. Maneno yalikuwa hayamwishi. Mimi Kabula namtania kwa desturi, namwita mke mwenzangu, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Sasa nikamwambia, "Mke mwenzangu, sogea, unanibana." Mihayo akatazama huku na huku akitafuta mke mwenzangu.

"Bibi, huyo mwenzako yuko behewa gani?"

"Huyu hapa."

Akamtazama Kabula na pua yake inayotoka kamasi. "Mzee wenu alikuwa na moyo," akasema. "Na nani mkubwa kati yenu?"

"Mimi ndiye mkubwa," Kabula akajibu, na behewa zima likacheka.

Malampaka tulisimama muda mrefu kwa ajili ya pamba, mabehewa yanaongezwa nyuma, yanagongana, watoto wanalia. Wanawake wakaja madirishani na viazi vya kuchemsha na mahindi ya kuchoma. Kila nilichonunua nilionja kwanza. Mihayo aliliona hilo, akaniuliza, nikamweleza. Akaniuliza siku nikiumwa itakuwaje. Nikamwambia siumwi.

Mwanza

Masanja alitupokea amevaa viatu. Milembe alikuwa nyuma yake. Aliponiona alipiga magoti hapo hapo kwenye vumbi la stesheni, watu wanampita na mizigo, akanisalimu macho chini kama mke wa mwana anavyotakiwa. Nikamwitikia. Kisha akainua uso kumtazama mtoto, na Kabula akaingia ndani ya kaniki yangu, hii nyeusi ninayojifunga, akajificha huko miguuni asionekane hata kisogo.

"Msalimu mama yako," Masanja akamwambia.

Kabula akasema akiwa humo humo kwamba mama yake ni huyu mwenye kaniki. Masanja akacheka ili jambo lipite.

Tulifikia kwa rafiki yake. Hapo Milembe akafungua mzigo akatoa gauni la maua mekundu, amelishona mwenyewe kwa mkono, mishono midogo midogo kama ya sindano ya mashine. Nikamwita Kabula tumjaribishe. Kichwa kilipita. Mabega yakakataa. Tulivuta kidogo, uzi ukalia, tukaacha.

Alikuwa amelishona kwa kipimo cha mtoto aliyemwacha.

Alilikunja, akalilaza kwenye mapaja, akawa analipapasa kwa kiganja kama linapasha joto. Mimi nilijitia kuwa natafuta tumbaku yangu. Ndugu zangu, nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa mwanamke atakayenidai, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga. Kwa huyu aliyekaa na gauni hayakufaa.

Asubuhi tukateremka gatini. Lile ziwa, siwezi kuwapa. Nyinyi na mimi tumezoea kuchimba mchanga na kungoja maji yajikusanye tuyachote kwa kata. Kabula alitazama kwa muda, akaniuliza nani ameyamwaga. Mimi nilifikiri ng'ombe wote wa Shinyanga, na wa Kahama, wakinywa pamoja, na ukingo usisogee hata unyayo.

Melini mpaka Maisome

Meli yenyewe si ile kubwa inayokwenda Bukoba. Ilikuwa ndogo, inapita visiwani kuchukua na kushusha mizigo, na tumbo lake linakula kuni kama tanuri la matofali. Tulitandika mikeka sitaha ya chini, kati ya magunia ya chumvi na matenga ya kuku. Masanja alikuwa na furaha ya mtoto. Alinionyesha moshi unakotokea, mahali nanga inapokaa, alinipeleka kuchungulia mashine. Yote hayo kwa sauti kubwa ili watu wajue mama yake ni mgeni wake.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kihaya, Mama Koku, amekaa juu ya mikungu yake ya ndizi, mwanamke mwenye sauti. Alinipa buni za kutafuna, nikapokea. Mihayo naye alikuwemo. Mimi nilimfunga Kabula kwa khanga, ncha moja kiunoni kwake na nyingine kiunoni kwangu, nikiogopa maji. Mihayo akaniuliza kama huyo mbuzi nitamshusha kisiwani Kome au nampeleka mnadani Geita.

Tulipotoka kwenye ghuba upepo ukatushika. Nilimwambia Mihayo siumwi, si ndiyo? Ndani ya muda wa kupika ugali nilikuwa nimelala kifudifudi, nimetapika buni, nimetapika chai, nimetapika na vitu nisivyokumbuka kula. Sitaha inapanda, tumbo linabaki chini. Sitaha inashuka, tumbo linapanda. Masanja akawa anazunguka tu, mkono kichwani.

Aliyenishika ni Milembe. Alinishika paji la uso, akanipangusa mdomo kwa nguo yake mwenyewe, akamwaga na kusuuza, akarudi. Mimi mama mkwe wake, ambaye mbele yangu hatafuni, aliniona katika hali ile na hakugeuza uso. Kabula alikaa upande wa pili, amenishika kidole.

Kome walishusha chumvi, sikuiona Kome. Maisome tulitia nanga kuchukua kuni, na kuni hazikuwepo. Wakataji walikuwa wameenda msibani ng'ambo ya kisiwa, hata shoka la kwanza halijapigwa. Nahodha akasema tutalala hapo. Usiku ule sina la kusimulia, nilikuwa mzigo kati ya mizigo.

Asubuhi ya Maisome

Nilipofumbua macho meli ilikuwa imetulia lakini kichwa changu bado kinazunguka, siwezi kukaa. Masanja na Mihayo na wanaume wengine walikuwa wameshuka kusaidia kukata kuni ili tuondoke. Wanawake wa kisiwani walikuwa wamekuja kwa mitumbwi na uji na samaki wa kukaanga.

Kabula hakuwa amekula tangu Mwanza. Hilo sikulijua mpaka nilipomwona Milembe amepiga magoti mbele yake na kibuyu cha uji. Mtoto ameweka mikono nyuma ya mgongo. Alikuwa amekunywa maji tu, kutoka kwenye kibuyu changu, akijimiminia mwenyewe. Midomo ilikuwa imekauka na macho yameingia ndani, na mikono nyuma.

Milembe akaonja uji mbele yake. Mtoto akatikisa kichwa. Akampa samaki. Akatikisa kichwa. Akamwomba kwa jina, akamwomba kwa jina la babu yake. Mwisho, nadhani kwa woga, akamshika kidevu amnyweshe. Kabula akapiga kelele meli nzima ikasikia.

"Niache. Wewe siyo mayu wangu."

Hapo Mama Koku akasimama juu ya ndizi zake. Mnajua habari za mumiani zilivyoenea miaka hii, kwamba wako watu wanakamata watoto na watu wazima wawanyonye damu wakauze. Mama Koku hakulitaja neno hilo kwa sauti, alilinong'ona, na lilizunguka sitaha upesi kuliko kama angelipigia ngoma. Watu wakasogea. Mmoja akasema amemwona huyu mwanamke tangu jana anamwandama mtoto na mtoto anamkwepa. Mwingine akauliza yule kikongwe aliyelala amenyweshwa nini.

Karani wa meli akaja, Bwana Festo, kijana mwenye kofia, mpole lakini hakutaka makosa kwenye meli yake. Akamuuliza Milembe, "Mama, mtoto huyu ni wa nani?"

Milembe akainamisha kichwa. Akanitazama mimi mara moja, akainamisha tena.

Ninyi mnaelewa. Mke wa mwana hasemi "wangu" mbele ya mama mkwe. Mtoto ni wa ukoo, ni wa nyumba, na nyumba ilikuwa imelala pale kwenye mkeka. Milembe amelelewa vizuri. Lakini watu wa melini hawakuona heshima, waliona mwizi aliyekosa la kujibu. Bwana Festo akauliza tena, akangoja, kisha akasema kwamba kama hana jibu atamshusha hapa Maisome akajieleze kwa jumbe. Akamgeukia Kabula kwa upole akamuuliza yeye ni wa nani. Kabula akaninyooshea kidole.

Wote wakanitazama.

Nawaambieni ukweli wa pale. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa la kweli kwa namna yake, na mtoto alikuwa ameshalisema kabla yangu. Ningesema "wangu", Masanja angerudi na kuni zake akaeleza kwamba huyo ni mkewe, watu wangecheka, na Milembe asingenijibu, si siku hiyo wala siku nyingine. Mtoto angerudi nami nyumbani. Lakini nilikuwa nikiitazama ile mikono nyuma ya mgongo. Kama ningekata roho pale kwenye mkeka, Kabula angekaa pembeni yangu na njaa mpaka mwisho, kwa utii, mama yake mzazi amemshikia uji. Nilimfundisha asife, na nilikuwa nimemfundisha vizuri kupita kiasi.

"Ni wa huyu," nikamwambia Bwana Festo. "Amemzaa yeye. Mimi ni mama wa mume wake."

"Mbona mwenyewe hasemi?"

"Hasemi kwa sababu nipo. Kwetu mke wa mwana hadai mtoto mbele ya mama mkwe."

Mama Koku akasema kwao pia kuna mama mkwe, na wanamheshimu sana, lakini mtoto wake angemtaja hata mbele ya mfalme. Watu wakacheka, Bwana Festo akainua kofia, akaondoka. Mama Koku akakaa, kisha akasimama tena akamletea Milembe ndizi mbivu, bila kumtazama.

Ndizi ile pia Kabula aliikataa.

Nikafikiri kama mtu wa ng'ombe, maana kufikiri kwingine sikukusomea. Ng'ombe akifiwa na ndama, ukimletea ndama yatima atampiga teke. Unafanyaje? Unamchuna yule aliyekufa, unamvika yatima ngozi, mama ananusa, anaachia maziwa. Jilala anajua, kila mtu hapa anajua. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa sijafa.

Nikamwambia Milembe anisitiri kwa khanga. Nikaivua kaniki yangu. Mnajua kaniki ya mwanamke mzee ilivyo, ina moshi, ina samli, ina tumbaku, ina jasho la miaka. Nikamwamuru ajifunge juu ya nguo zake. Alisita, kujifunga nguo ya mama mkwe si jambo dogo, nikamwambia sasa si wakati wa kunionea haya, jana umenipangusa matapishi. Akajifunga. Nikamkalisha karibu kabisa na mkeka, mtoto katikati yetu. Yeye akachota uji kwa kijiko cha mti, mimi nikaweka mkono wangu chini ya mkono wake.

Kabula alinusa. Niliona pua inacheza. Alinitazama mimi, akaitazama kaniki, akautazama ule mkono wenye vidole vya watu wawili. Akafungua mdomo.

Kijiko cha pili vile vile. Cha tatu niliulegeza mkono. Halafu nikauondoa, polepole, kama unavyotoka penye kitanda cha mtoto aliyelala, nikageuka upande wa maji. Nyuma yangu nilisikia kijiko kinagonga kibuyu, kinagonga, kinagonga. Nilihesabu mitumbwi ya watu wa Maisome ili nisigeuke.

Masanja aliporudi amejaa vumbi la magome, alimkuta mkewe amevaa kaniki ya mama yake na mtoto amelala kwenye mapaja yake. Alifungua mdomo kuuliza. Mihayo, aliyekuwa nyuma yake na gogo begani, akamwambia afunge.

Nungwe na Geita

Nungwe tulishuka mchana, tukapanda lori la mgodi. Miguu yangu iliendelea kuyumba nchi kavu, nikawa nashika watu.

Geita wanakaa kwenye nyumba za mistari, ukuta kwa ukuta, Mngoni huku, Mnyakyusa kule, Mluo mbele, kila mlango unapika chakula chake na kila mtu anajaribu Kiswahili cha mwenzake. Juu ya yote kuna mashine inayoponda mawe. Haipumziki. Ardhi inatetemeka hata maji ndani ya mtungi yanafanya viduara. Nilimuuliza Masanja wanalalaje. Akasema ikisimama ndipo wanaamka.

Nilikaa kwao. Nilimwambia Kabula mwenyewe, kwa kinywa changu, mara nyingi kama nilivyomfundisha la kwanza, kwamba mkono wa Milembe ni sawa na mkono wangu. Kaniki niliiacha ivaliwe, kwanza kutwa, kisha wakati wa kula tu, kisha nikaiomba nikaifue. Mtoto alikula bila hiyo. Siku nyingine alikula huku akicheza, hata hakutazama anayempa.

Lakini habari ya kurudi haikusemwa. Masanja aliizunguka. Alikuwa akisema mvua zikinyesha njia itaharibika, au kwamba watoto wa mgodi wanapata kikohozi, au kwamba shule ya misheni inajengwa, na kila sentensi aliiacha wazi mwishoni kama mlango ili niingie. Sikuingia. Milembe alipika, alipiga magoti, alinyamaza. Usoni alikuwa kama mtu aliyeazimwa chombo anachokipenda na anajua kesho kinaombwa.

Siku ya kuondoka nilifunga nguo za Kabula pamoja na zangu. Nilifanya makusudi, na nilifanya mbele yao. Tukaenda mahali lori linapopakia, Milembe amebeba mzigo ule kichwani, mtoto amemshika nguo. Watu wa mgodi walikuwepo wengi wakingoja.

Masanja akakohoa. "Mama," akasema, "mimi na mwenzangu tumefikiri—"

Nikamwambia anyamaze. Wewe, nikasema, unasema tangu Mwanza. Nikamgeukia mkewe. Nilikuwa na sababu yangu. Mahali pale pana watu wa kila aina, wanaume wa pesa za ghafla, ugomvi wa vilabu, na mashine ile juu ya kichwa. Mwanamke asiyeweza kusema "mtoto ni wangu" mbele yangu, mimi ninayempenda, atasema mbele ya nani?

Alinielewa. Aliutua mzigo. Akapiga magoti kama siku ile ya stesheni.

"Mama, nakuomba mwanangu."

"Mashine inapiga kelele. Sisikii."

Akainua uso. Tangu aolewe alikuwa hajanitazama machoni kwa urefu ule. "Nakuomba mwanangu," akasema, na safari hii waligeuka hata watu wa upande wa pili wa lori.

"Mchukue," nikamwambia.

Nikafungua mzigo mwenyewe nikatoa nguo za mtoto. Nilikuwa na mengi ya kumweleza, nilikuwa nimeyapanga, lakini dereva alikuwa ameshapanda na vidole vyangu vilikuwa vinapigana na fundo. Kabula aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kuangalia ng'ombe. Akasema sawa, nimsalimie Kidashi.

Kurudi

Melini sikuumwa hata kidogo, jambo lililonikera. Nilikula samaki wa Maisome kutoka mkono wa mwanamke nisiyemjua, jina lake Bugumba, na nikashiba. Treni haikuchelewa popote.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea, na Nkamba asije tena kuomba moto. Hakuna aliyeninyang'anya. Niliombwa, nikatoa.

Juzi Luhende, anayefanya kazi zamu moja na Masanja, amepita hapa likizo na maneno ya Milembe. Anasema mtoto anakula vizuri, ameongezeka, amempiga mtoto wa Mngoni na amepigwa. Ila jua likizama anakuwa na kilio kisichoeleweka, hataki kulala, na mama yake anauliza, kwa heshima zote, mimi nilikuwa nikimfanyia nini saa hizo.

Nilikaa na swali hilo huku Luhende anakunywa maziwa. Najua ni upande gani wa mgongo unakunwa, na kwa vidole vingapi. Najua maneno yanayosemwa na yanaposhushwa sauti, na sikio linaloshikwa. Nikiyatuma yatakuwa kaniki nyingine, na Milembe hatatafuta ya kwake. Luhende alimaliza kibuyu, akaninyooshea, akangoja jibu la kupeleka.

"Kamwambie bibi amezeeka," nikamwambia. "Amesahau."